Kutoka kituo cha polisi hadi hukumu: mwongozo wa kesi ya jinai katika Mahakama ya Wilaya, mkoani Kigoma

Ndugu wa mshtakiwa wanapofika mahakamani kwa mara ya kwanza, mara nyingi hukaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, wakiwa na nauli ya kurudia imefungwa kwenye pindo la kanga, pamoja na mashahidi wawili watatu waliowatoa kijijini kwa kubembeleza. Saa tano hivi kesi yao inaitwa, mwendesha mashtaka anasimama na kusema sentensi moja, hakimu anaandika, tarehe mpya inatangazwa, kisha jina la mtu mwingine linaitwa. Wanatoka nje wakiulizana kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba kesi imetajwa, na kutajwa si kusikilizwa. Siku hiyo mashahidi hawakuhitajika kabisa.

Nimewasindikiza watu mahakamani kwa miaka kadhaa nikiwa msaidizi wa kisheria, na nimeona kwamba wengi hawaponzwi na kukosa haki kwenye vitabu, bali na kukosa kujua jambo gani linasemwa katika hatua gani. Kila hatua ya kesi ina jambo lake, na yote yanayosemwa huandikwa na hakimu katika kumbukumbu zinazoitwa mwenendo wa shauri. Jambo lisiposemwa wakati wake halimo katika mwenendo, na majaji wa rufaa husoma mwenendo huo, hawasikilizi simulizi za nje. Ili maelezo yasielee hewani, nitamtumia kijana wa kubuni, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, anayeshtakiwa kuiba injini ya boti.

Mahakama ipi, na sheria zipi

Makosa madogo huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambayo kifungo inachoweza kutoa hakizidi miezi 12. Juu yake ipo Mahakama ya Wilaya, na mkoa wa Kigoma una wilaya sita: Kigoma, Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Ipo pia Mahakama ya Hakimu Mkazi, ambayo mwenendo wake katika kesi za jinai ni uleule. Mahakama Kuu sasa inayo kanda yake hapa Kigoma, na wazee wanaokumbuka kupanda treni kwenda Tabora kufuatilia rufaa wanajua thamani ya jambo hilo.

Kesi ya mauaji nayo huonekana kuanzia Mahakama ya Wilaya, lakini huko haisikilizwi. Mshtakiwa husomewa mashtaka bila kutakiwa kujibu chochote, kesi hutajwa hadi upelelezi ukamilike, kisha huhamishiwa Mahakama Kuu. Mshtakiwa aliye chini ya umri wa miaka 18 anapaswa kushughulikiwa na Mahakama ya Watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa au ushahidi mwingine wa umri wake upelekwe mapema, si baada ya hukumu.

Sheria kuu tatu ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inayoeleza namna kesi inavyoendeshwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayotaja makosa mengi na adhabu zake. Na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Sitataja vifungu kwa namba, kwa kuwa toleo la sheria zilizorekebishwa lililoanza kutumika Julai 2025 limebadilisha namba nyingi, na mtu anayenukuu nakala ya zamani anaweza kumtajia hakimu kifungu kinachohusu jambo jingine kabisa.

Kituoni

Anayelalamika anapofika polisi, taarifa yake huandikwa na kupewa namba ambayo kila mtu huiita RB. Aiandike na kuitunza, kwa sababu bila namba hiyo kufuatilia jalada ni kama kutafuta mtumbwi usiku. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 aende nayo hospitalini, na fomu hiyo ikishajazwa na daktari huwa sehemu ya ushahidi.

Anayekamatwa bila hati ya mahakama ana haki ya kuambiwa kosa analotuhumiwa nalo, na kwa kawaida anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au, kama haiwezekani, mapema iwezekanavyo. Muda wa kumhoji nao una mipaka: saa nne tangu awe chini ya ulinzi, zinazoweza kuongezwa hadi saa nane nyingine kwa utaratibu uliowekwa, bila kuhesabu muda wa safari. Kwa hiyo mtuhumiwa na ndugu zake wakumbuke saa aliyokamatwa, saa aliyofikishwa kituoni na saa aliyoanza kuandikwa maelezo. Saa hizo zinaweza kuwa na uzito mkubwa mwaka mzima baadaye, pale maelezo hayo yatakapoletwa mahakamani.

Maelezo ya onyo ndiyo karatasi ya hatari kuliko zote kituoni. Huitwa hivyo kwa sababu mtuhumiwa huonywa kwanza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakachosema kinaweza kutumiwa kama ushahidi. Anaruhusiwa kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuandikwa. Asome kila ukurasa kabla ya kutia sahihi au dole gumba, na kama hajui kusoma, aombe asomewe na aseme wazi pale paliponukuliwa tofauti. Kukiri mbele ya polisi kunaweza kupokelewa na mahakama ikiwa kulitolewa kwa hiari, na jukumu la kuthibitisha hiari hiyo ni la upande wa mashtaka. Wakati mwingine mtuhumiwa hupelekwa kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, ili aandike ungamo huko. Kama alipigwa, hapo ndipo pa kusema na kuonyesha alama za mwilini, maana mlinzi wa amani anapaswa kuziandika.

Mali ikikamatwa, askari anatakiwa kujaza hati ya ukamataji inayosainiwa na aliyekutwa nayo pamoja na shahidi huru, mara nyingi mwenyekiti wa mtaa. Katika kesi ya kijana wetu, hati iandike chapa ya injini, nguvu yake, rangi na namba yake ya utambulisho. Hati inayosema tu "injini moja ya boti" ni dhaifu, kwa sababu injini za namna hiyo zimejaa mwaloni.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Anayeombwa fedha kwa ajili ya dhamana hiyo anaombwa kitu ambacho sheria haikijui.

Siku ya kwanza kizimbani

Mahakamani mshtakiwa husomewa hati ya mashtaka, ambayo hutaja kosa, kifungu cha sheria na taarifa za kosa, yaani tarehe, mahali, mali na mwenye mali. Anayeshtaki ni Jamhuri, kupitia Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iliyo chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na si jirani aliyeibiwa. Ndiyo maana wazee wakikaa na kusuluhisha, na mlalamikaji akasema amesamehe, kesi haifi kwa kauli hiyo peke yake. Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi, lakini si katika ubakaji wala unyang'anyi, hata familia zikipatana ng'ombe wangapi.

Nakala ya hati hiyo iombwe na isomwe neno kwa neno. Kama hati inasema injini iliibwa tarehe 10 na mashahidi wote baadaye wanasema tarehe 12, tofauti hiyo ni jambo la kubanwa wakati wa maswali. Upande wa mashtaka unaweza kuomba kurekebisha hati, na ikirekebishwa mshtakiwa lazima asomewe upya na ajibu upya.

Sasa anaulizwa: kweli au si kweli? Hapa watu hujitia kitanzini kwa adabu tu. Mtu aliyelelewa kumheshimu mkubwa husema "ni kweli, mheshimiwa" akimaanisha kwamba ni kweli ameletwa kwa tuhuma hiyo. Mwingine husema, "Ni kweli niliichukua injini, lakini mwenyewe nilikuwa namdai mshahara wa miezi mitatu." Jibu hilo si kukiri kosa, kwa sababu linadai haki juu ya mali, na hakimu makini ataandika kwamba amekana. Mshtakiwa asitegemee umakini wa hakimu. Kama hakubali kosa, jibu ni "si kweli", na maelezo yatangoja zamu yake.

Akikiri, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio, na mshtakiwa huulizwa kama anayakubali. Akiyakubali yote, na yakawa yanaonyesha kosa lenyewe, hutiwa hatiani papo hapo, na kwa kawaida hawezi kukata rufaa isipokuwa kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu. Rufaa dhidi ya hatia yenyewe husikilizwa kwa sababu chache tu, kwa mfano kwamba kukiri kwake hakukueleweka au kwamba maelezo yaliyosomwa hayakuonyesha kosa. Tangu mwaka 2019 upo pia utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa hujadiliana na upande wa mashtaka kuhusu kosa la kukiri na masharti yake, kisha makubaliano hupelekwa mahakamani kusajiliwa. Usiingie humo bila kuzungumza na wakili.

Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021. Hata hivyo, yupo bibi wa Buhigwe anayeongea Kiha peke yake, na yupo mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu ambaye Kirundi ndicho anachokielewa. Wote wana haki ya mkalimani. Waombe kabla ya kusomewa mashtaka, na iandikwe kwamba mkalimani alikuwapo na aliapishwa.

Dhamana ya mahakama

Makosa mengi yana dhamana. Miongoni mwa yasiyo nayo ni mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Yanapohusu fedha au mali ya thamani inayozidi kiwango kilichowekwa na sheria, mshtakiwa hutakiwa kuweka fedha taslimu au mali yenye thamani ya nusu ya kiasi hicho. Masharti ya kila siku ni wadhamini wawili wanaoaminika, wenye vitambulisho na barua za mtendaji wa kijiji, mtaa au kata, wanaosaini ahadi ya kiasi fulani cha fedha. Barua hizo ziandaliwe kabla ya siku ya mahakama. Nimeona mtu akipelekwa Gereza la Bangwe Ijumaa jioni, si kwa sababu alinyimwa dhamana, ila kwa sababu mtendaji alikuwa amekwenda kwenye msiba na muhuri ameufungia kabatini.

Mdhamini aelewe anachosaini. Mshtakiwa akitoroka, hutolewa hati ya kumkamata, mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe kiasi alichoahidi, na kesi inaweza kuendelea kusikilizwa bila mshtakiwa. Mvuvi anayetaka kuvuka ziwa kwenda kutafuta riziki upande wa Kongo wakati kesi yake inaendelea aombe kwanza kibali cha mahakama.

Kutajwa na kutajwa tena

Marekebisho ya mwaka 2022 yalielekeza kwamba, kwa makosa yasiyo ya kusikilizwa na Mahakama Kuu, mashtaka yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika. Hata hivyo kesi bado huahirishwa kwa sababu mbalimbali. Aliye mahabusu hapaswi kuahirishiwa kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja, na aliye nje kwa dhamana siku 30, ndiyo sababu karandinga la magereza huwaleta watu walewale kila baada ya wiki mbili. Kwa jumla, uahirishaji wa kusubiri upelelezi una kikomo cha siku 60, na kuuongeza kunahitaji hati maalumu kutoka kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa na baadaye kutoka ngazi za juu zaidi za mashtaka, ilimradi jumla isizidi miezi 24. Baada ya siku 60 mshtakiwa anaweza kunyoosha mkono na kuuliza kwa heshima: "Mheshimiwa, hati ya kuongeza muda imewasilishwa?" Swali hilo fupi likiandikwa kwenye mwenendo lina nguvu kuliko malalamiko marefu nje ya mahakama.

Wakati mwingine mwendesha mashtaka huomba kuiondoa kesi. Ikiondolewa kabla mshtakiwa hajaanza utetezi, huachiwa, lakini anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile, na wengine hukamatwa hatua kumi tu kutoka mlangoni. Ikiondolewa baada ya utetezi kuanza, huachiwa huru, na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Kuachiwa na kuachiwa huru ni mambo mawili. Uliza karani ni lipi lililoandikwa.

Usikilizwaji wa awali

Mara upelelezi ukiisha, kesi hupangiwa usikilizwaji wa awali. Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kesi, na mshtakiwa hutakiwa kusema anayokubali na anayokataa. Yasiyobishaniwa huandikwa na kusainiwa na pande zote, na baadaye huhesabiwa kuwa yamethibitishwa bila kuhitaji shahidi. Jina, makazi na kwamba alikamatwa ni mambo ya kukubali bila wasiwasi. Lakini kijana wetu akikubali kwamba "alikamatwa akiwa na injini", amewapunguzia mashahidi kazi yao kubwa kabisa.

Kama utetezi wake ni kwamba usiku huo hakuwapo, sheria inamtaka atoe taarifa ya kusudio hilo kwa mahakama na upande wa mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Asipoweza, atoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Asipofanya hivyo mahakama inaweza kutoupa uzito utetezi huo. Mvuvi wa dagaa anao mashahidi wengi kuliko anavyodhani: nahodha, wenzake wa kuvuta wavu, na mama aliyepokea dagaa alfajiri kwa ajili ya kuanika. Aseme mapema alikuwa ziwani, kwenye boti ya nani, na walirudi saa ngapi. Katika hatua hii pia aombe nakala ya maelezo ambayo mlalamikaji aliandika polisi, kwa kuwa atayahitaji wakati wa kuuliza maswali.

Ushahidi wa upande wa mashtaka

Mashahidi huanza kuitwa, mmoja mmoja. Huapa kwa dini yao au huthibitisha, na mtoto asiyezidi umri wa miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Kesi za makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha. Jukumu la kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya msingi ni la Jamhuri tangu mwanzo hadi mwisho, na mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia.

Shahidi akimaliza kuongozwa na mwendesha mashtaka, mshtakiwa au wakili wake humuuliza maswali ya dodoso. Washtakiwa wengi wasio na wakili hupoteza nafasi hii kwa njia mbili: ama husema "sina swali", ama hutoa hotuba ya kujitetea. Zote zina gharama. Shahidi asipoulizwa kuhusu jambo muhimu alilolisema, mahakama inaweza kuona kwamba jambo hilo limekubaliwa. Hotuba nayo hukatizwa, kwa sababu zamu ya kujitetea bado.

Maswali mazuri ni mafupi. Tuseme shahidi mlinzi anadai alimtambua kijana wetu usiku wa manane akiifungua injini ufukweni, umbali wa boti tatu, kwa mwanga wa mwezi. Mahakama ya Rufani tangu uamuzi wake maarufu wa mwaka 1980 imesisitiza kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usiotegemewa hadi uwezekano wote wa kukosea uondolewe: umbali, mwanga, muda wa kumtazama, na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla. Kijana aulize hivi: "Usiku huo boti za dagaa zilikuwa zimetoka?" Shahidi atasema zilitoka. "Wavuvi wa dagaa hutoka mbalamwezi au giza?" Kila mtu wa Kibirizi anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika siku za giza, na mbalamwezi ikiwaka watu hukaa nchi kavu wakishona nyavu. "Basi huo mwezi ulioniona nao ulitoka wapi?" Hilo la mwisho asiulize. Aketi. Majibu mawili ya kwanza yameshaandikwa, na kuuliza la tatu ni kumpa shahidi nafasi ya kujirekebisha, aseme alikuwa na tochi. Aulize badala yake kama alimtajia polisi jina la mtuhumiwa usiku uleule, na kama maelezo yake ya polisi yanataja mwanga wowote.

Vielelezo vina utaratibu wake. Shahidi huomba kukitoa kitu au waraka, mshtakiwa huulizwa kama ana pingamizi, kisha hakimu hukipokea au kukikataa. Pingamizi hutolewa hapo hapo. Waraka uliopokelewa lazima usomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo, na usiposomwa, Mahakama ya Rufani imekuwa ikiuondoa katika ushahidi. Maelezo ya onyo yakiletwa na mshtakiwa akasema aliteswa au hakuyaandika, aseme wakati huo huo, wala asisubiri utetezi, kwa sababu hakimu anatakiwa kusimamisha kesi kuu na kufanya uchunguzi mdogo kuhusu hiari yake kabla ya kuyapokea. Fomu ya PF3 ikipokelewa, mahakama inapaswa kumweleza mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe na kuulizwa maswali. Na kitu kinachobadilishika kirahisi, kama bangi au unga, lazima ionyeshwe kilipita mikononi mwa nani tangu kilipokamatwa hadi kilipofika mahakamani. Kwa injini yenye namba, jambo hilo halina ukali sana, lakini mlalamikaji lazima aitambue kwa kitu mahsusi, kwa mfano stakabadhi ya ununuzi yenye namba ileile au alama aliyoitaja kabla ya kuonyeshwa injini.

Hakimu akihamishwa katikati ya kesi, jambo la kawaida mikoani, anayepokea anapaswa kuandika sababu za kuipokea na kumweleza mshtakiwa haki yake kuhusu mashahidi waliokwisha kusikilizwa. Kama shahidi muhimu alitetereka mbele ya hakimu wa kwanza, mshtakiwa afikiri mara mbili kabla ya kuomba aitwe upya.

Kesi ya kujibu, na utetezi

Jamhuri ikifunga ushahidi wake, hakimu hutoa uamuzi mdogo kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Akiona hana, humwachia huru. Akiona anayo, hiyo bado si hatia, ingawa ndugu wengi hulia siku hiyo kana kwamba amefungwa. Mshtakiwa huelezwa haki zake: kujitetea kwa kiapo au bila kiapo, kuita mashahidi, au kunyamaza. Akinyamaza, mahakama inaweza kutafsiri ukimya huo dhidi yake. Akijitetea kwa kiapo, atulie kwenye yaliyobishaniwa: alikuwa wapi, na nani, kwa nini shahidi fulani anaweza kuwa amekosea. Jambo kubwa analolisema hapa kwa mara ya kwanza, ambalo hakumuuliza shahidi yeyote, litaonekana kama limetungwa usiku wa kuamkia leo. Mashahidi wasiotaka kuja huitwa kwa hati ya wito wa mahakama, ambayo mshtakiwa anaweza kuiomba.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na aliye mahabusu aanze kwa kumwona mkuu wa gereza.

Hukumu na adhabu

Hukumu lazima iwe ya maandishi, ikitaja mambo yaliyobishaniwa, uamuzi na sababu zake. Akitiwa hatiani, mwendesha mashtaka hueleza kama mshtakiwa ana kumbukumbu za makosa ya nyuma, kisha mshtakiwa huomba kupunguziwa adhabu. Hapa si mahali pa kubishana na hatia. Ni mahali pa kusema kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza, amekaa mahabusu miezi mingapi, anatunza watu gani, ana maradhi gani, na kama mali ilirudishwa.

Wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 7. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30, na hapo maombi ya huruma hayawezi kukishusha chini ya kiwango hicho. Kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu kufanya kazi za umma bila malipo badala ya kufungwa, baada ya ripoti ya afisa anayehusika. Mahakama ikisahau, iombwe.

Rufaa

Rufaa ya Mahakama ya Wilaya huenda Mahakama Kuu. Kwanza hutolewa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu au adhabu. Kisha sababu za rufaa huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda uliotumika kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aeleze sababu ya maana, na "sikujua" kwa kawaida haikubaliki. Upande wa mashtaka nao unaweza kukata rufaa kama mshtakiwa ameachiwa huru, hivyo anayeshinda asichome karatasi zake.

Mfungwa hutoa taarifa yake kupitia kwa mkuu wa gereza. Aseme siku ileile anayopokelewa, asisubiri ndugu waje kumtembelea. Ndugu nao kesho yake asubuhi waende masjala, waandike barua ya kuomba nakala za mwenendo na hukumu, wapeleke nakala mbili, moja waiache na ya pili wagongewe muhuri wenye tarehe, kisha waitunze pamoja na ile namba ya RB.